Maji ya Majivu

Watu wa Msambweni watakwambia kwamba ndugu yangu Jumbe akionja mchuzi mara moja tu anakutajia kila kilichomo, hata kile kitunguu kilichoungua ukakitoa upesi ukidhani hakuna aliyeona. Ni kweli. Mimi Mwanaima ni dadake, tumezaliwa tumbo moja, na haki yake simnyimi. Lakini wakishamaliza kumsifu huwa nataka kuwauliza: na Mishi je? Hakuna anayemkumbuka Mishi. Basi leo namtaja mimi, maana nimechoka kunyamaza, na anayetaka kununa na anune.

Mishi ni mke mkubwa wa Jumbe, wifi yangu. Kwao ni Kinango, kule nyikani kukavu, na jina alilopewa na wazazi wake ni Kahaso. Alisilimu alipoolewa ndipo akaitwa Mishi. Alikuja kwetu mwembamba, mwenye adabu mpaka inakera, shikamoo kwa kila anayepita. Alijua kulima, alijua kufuata maji mbali, alijua kukaa na njaa bila kelele. Kupika kwa tui la nazi hakujua, na hilo ndugu yangu hakumsamehe.

Jumbe alikuwa mpishi wa arusi. Huku kwetu pilau ya arusi ya maana hupikwa na wanaume, uani, kwa masufuria ambayo mtoto anaweza kuoga ndani yake, na kwa miaka mingi, kuanzia Shimoni mpaka Ukunda, mwanamume huyo alikuwa Jumbe. Watu walisogeza mbele arusi ili wampate yeye. Akifika huvua kanzu, hujifunga shuka, huchota mchuzi kwa ncha ya upawa, hufumba macho, na watu wote hunyamaza kungoja aseme. Alipenda sana ule ukimya.

Akirudi nyumbani, hufunua sufuria ya Mishi, hunusa, hufunika. "Chakula cha nyika hiki," husema, kisha hutoka kwenda kula mkahawani. Alisema hivyo hata mbele ya wageni. Mishi alikuwa akicheka, anainamisha kichwa, anapakulia watoto. Mimi ningemmwagia kichwani, wallahi, na nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja.

"Wacha, wifi," alinijibu. "Ndiye mwenye kujua chakula."

Baadaye Jumbe akaoa mke wa pili, Zulekha wa Diani, anayeuza mahamri na viazi karai asubuhi kwenye geti la wafanyakazi wa mahoteli. Tukadhani huyu sasa atasifiwa kwa kupika. Thubutu! Mahamri ambayo nusu ya Diani inayapangia foleni, yeye akayaona mazito. Zulekha hakucheka kama Mishi. Alimwambia asiyetaka asile, akafunika beseni lake. Nilimpenda siku hiyo, ingawa ni mwanamke wa kujisikia na salamu zake huzitoa kwa kipimo.

Presha ndiyo iliyommaliza Jumbe. Presha ya miaka, na dawa akizila pale anapokumbuka, kwa sababu mwanamume anayesimama juani kando ya moto na watu wakimshangilia hujiona hana ugonjwa. Miguu ikavimba, mkojo ukapungua, pumzi ikawa fupi. Tulipompeleka hospitali, daktari alisema figo zote mbili hazifanyi kazi tena. Damu yake itakuwa ikisafishwa na mashine mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, siku zote atakazojaliwa kuishi.

Muuguzi wa mashine anaitwa Sista Beryl. Ni mtu wa bara, wa Siaya, mrefu, na akisema chumbani sauti yake inasikika barabarani. Alituweka kwenye benchi, mimi na Mishi na Zulekha, akatupa somo.

"Kuna madini yanaitwa potasiamu," alisema. "Iko kwa karibu kila chakula. Mimi na nyinyi tukiikula, figo zinaitoa kwa mkojo. Huyu mzee hana pa kuitolea. Inakaa kwa damu inangoja siku ya mashine. Ikijaa sana kabla hiyo siku ifike, moyo unasimama. Hautoi habari. Mtu anaongea na wewe, unageuka, ameenda."

Akatutajia vilivyokatazwa: ndizi, dafu, parachichi, machungwa, nyanya, maharagwe, muhogo. Viazi na mboga za majani ale kidogo, navyo vikatwekatwe, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena kwa maji mapya. Na chumvi asiguse, kwa ajili ya presha, na kwa sababu chumvi huleta kiu na maji ya kunywa yenyewe amepimiwa.

Zulekha aliuliza maswali mpaka Sista Beryl akatazama saa. Mishi hakuuliza hata moja. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno na midomo yake ikiyarudia kimyakimya.

Ndipo taabu ilipoanza. Zamu hazikubadilika, Jumbe akitoka kwa Mishi anapelekwa kwa Zulekha, na kote alikuta chakula kile kile, cheupe, kilichochemshwa kikachemshwa tena, hakina chumvi, hakina nyanya, tui la kuhesabia matone. Mtu aliyezoea kufumba macho na watu wakanyamaza! Kwa Zulekha alisema ni chakula cha mahabusu. Zulekha akamwambia, "Mahabusu wako hai." Kwa Mishi alisukuma sahani mpaka ikaanguka. Alikonda, akawa na hasira za mtoto mchanga, na siku moja nilimkuta analia mbele ya bakuli la wali. Ndugu yangu, analia. Nami nikalia naye, maana hata awe na maudhi namna gani, ni wangu.

Mishi hakulala raha. Alikuwa anamwona mumewe anakufa kwa njaa kando ya chakula chake yeye, chakula kile kile alichotukanwa nacho ujana wake wote. Ndipo alipokumbuka mapishi ya kwao.

Kule Kinango, miaka ya ukame, chumvi ilipokosekana dukani au mtu alipokosa cha kuinunulia, bibi zao walichoma maganda ya kunde na mabua, majivu wakayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, wakayamiminia maji polepole. Yale maji yaliyochuja, yenye rangi ya chai hafifu, ndiyo waliyotia kwenye mboga. Mboga hulainika haraka, hubaki kijani kibichi, na hupata ladha iliyo jirani na chumvi. Mishi alilelewa kwa mboga hiyo. Alipoolewa pwani aliiacha, maana angeonekana mshamba.

Sasa akairudia. Ndizi alizokatazwa Jumbe waliletewa wajukuu, wakala, na maganda Mishi akayaanika juu ya paa, akayachoma pamoja na makumbi ya nazi, akachuja majivu kwenye kopo la maziwa la zamani. Mboga alizichemsha mara mbili kama alivyoambiwa, maji akayamwaga kama alivyoambiwa, kisha mwishoni akatia yale maji yake ya majivu. Nilimwona, nikamwuliza je, yanaruhusiwa hayo?

"Wamekataza chumvi," akanijibu. "Haya si chumvi, wifi. Ni majivu tu."

Nikaona ana hoja. Nani angeona vingine?

Siku hiyo Jumbe alikula mchicha, akanyamaza, akafumba macho. Akachota tena. Alimaliza sahani, akaipangusa kwa kidole, akamtazama mkewe aliyemwoa akiwa msichana na sasa ana wajukuu.

"Leo umepika," akamwambia.

Maneno mawili. Mishi alikuja mbio mpaka mlangoni kwangu, ile sahani tupu mkononi, kanga imemdondoka begani, hana habari. Akanionyesha sahani tu. "Amekula," akasema mwisho, "amesema nimepika." Nilimkumbatia pale pale na sahani yake ikanichoma kifuani.

Tangu hapo Jumbe akawa anangojea zamu ya Mishi. Akiwa Diani hupiga simu kuuliza kesho kuna mboga gani. Mishi alijibu simu hizo amesimama, kama anayezungumza na kadhi. Alianza kujipaka wanja. Umri ule! Nilimtania akanipiga kwa upande wa kanga, lakini meno yote nje.

Na potasiamu ikapanda.

Mara ya kwanza Sista Beryl aliuliza kwa upole, mzee amekula nini? Mara ya pili hakuwa mpole. "Mnampa ndizi huyu kwa siri," alisema, "ama anakunywa madafu. Hii damu haidanganyi." Mishi akaapa. Zulekha akaapa. Jumbe mwenyewe akaapa, na kwa kweli hakuwa ameonja dafu tangu augue. Walimbadilishia dawa, wakampa unga wa kukoroga wenye ladha ya mchanga, na bado ikapanda.

Asubuhi moja, ametoka kwa Mishi jana yake tu, miguu yake ilikataa. Alitaka kushuka kitandani kwa Zulekha, magoti yakalegea, akaanguka, moyo ukawa unapiga unaruka, unapiga unaruka. Zulekha alipiga kelele majirani wakaja, akambeba yeye na dereva wa tuktuk, akamfikisha hospitali, yeye mwenyewe hana viatu. Daktari alisema ni ile potasiamu, na wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Zulekha ndiye aliyemwokoa. Lakini alikuwa ameanguka nyumbani kwa Zulekha, na hilo ndilo watu waliloshika.

Maneno yakaanza. Diani imejaa madafu, kila hatua muuzaji. Zulekha ni mwanamke wa mjini. Zulekha hakubali hasara, amechoka na mgonjwa. Mara anamtilia dafu kwenye uji, mara anamkamulia machungwa. Wajomba zetu wakakaa kikao. Niliwaambia Zulekha ana mdomo lakini hana roho hiyo, wakanitazama kana kwamba nimekohoa kwenye sala.

Jumbe aliamini. Tena aliamini upesi. Zulekha alipokuja kumwona, amebeba hotpoti ya chakula, alimkuta kaka yangu ameketi barazani kwa Mishi na wajomba wawili.

"Chakula changu kwa Mishi nakila nashiba, nalala salama," alisema. "Kwako naanguka. Nieleze."

"Nikueleze nini?" Zulekha akauliza. "Nafuata nilivyoambiwa na Sista."

"Zulekha, unaniua."

Zulekha aliiweka hotpoti chini. Alimtazama Mishi, akanitazama mimi. Hakulia. "Jumbe, muogope Mungu," akasema.

"Nimekuacha," ndugu yangu akasema mbele ya wajomba. "Talaka moja."

Mishi alishtuka nikaona mkono wake ukienda mdomoni. Kusema kweli wakati ule hakujua. Naye pia alidhani ni dafu.

Jumbe akahamia kwa Mishi moja kwa moja, asubuhi, mchana na jioni. Mboga kila siku, kijani, laini, na sifa kila siku. Na Alhamisi iliyofuata potasiamu ilikuwa imepanda kuliko siku zote.

Sista Beryl alitoka chumba cha mashine amekunja uso. Jumbe alikuwa ndani amelala na mirija yake. Mimi na Mishi tulikuwa kwenye benchi, Mishi amepakata bakuli la chakula, maana Jumbe akishuka kwenye mashine huwa na njaa kali. "Fungua hiyo," Sista akasema. Mishi akafungua kwa fahari. Wali mweupe kidogo, kipande cha kuku, na mchicha.

Sista Beryl aliinama. Aliuchukua mchicha kidogo kwa kijiko, akautazama kwenye mwanga, akaubinya kwa vidole. "Mbona ni kijani hivi?" akauliza. "Mboga ya kuchemshwa mara mbili inakuwa rangi ya kahawia. Mama, umeweka magadi?"

"Si magadi," Mishi akajibu. "Ni maji ya majivu tu, Sista."

"Majivu ya nini?"

"Maganda ya ndizi. Na makumbi."

Sista Beryl akakaa chini kwenye benchi, katikati yetu. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata mlangoni. Alisema nyanya yake kule Siaya naye alikuwa akipikia hayo. Alisema potasiamu ya mmea haiungui. Mmea ukichomwa, maji yake yanaondoka, moshi unaondoka, potasiamu inabaki kwenye majivu, na ukiyachuja inatoka yote kwenye maji. "Ungempa ndizi mbili tatu ingekuwa afadhali," akasema. "Mama, hayo maji yako ndiyo yamekuwa yakimuua."

Mishi alifunika bakuli, akalifunga kwa kitambaa, fundo la kwanza, fundo la pili. Kisha akamshika Sista mkono.

"Usimwambie," akasema. "Nitaacha leo hii. Nakuomba, mwanangu, usimwambie."

Sista akanitazama, nikatazama chini. "Ukiacha kabisa, mimi kazi yangu imeisha," akasema. "Lakini leo leo."

Mishi aliacha siku hiyo hiyo. Alilivunja lile kopo kwa jiwe, na majivu akayatupa chooni. Chakula kikarudi kuwa cheupe, Jumbe akaanza tena kusukuma sahani, na potasiamu ikashuka. Ikashuka wiki ya kwanza, ikashuka ya pili, mpaka ikakaa pale inapotakiwa.

Na sasa sikiliza balaa lake. Watu walihesabu vizuri sana: Zulekha kaachwa, potasiamu imeshuka. Ushahidi gani tena wautaka? Wajomba walipeana mikono. Jumbe alisimulia msikitini. Habari ikafika Diani, ikafika kwenye lile geti la mahoteli, na wafanyakazi wakaanza kupita mbele ya beseni la Zulekha wameangalia upande mwingine. Nani atanunua hamri kwa mwanamke aliyemtilia mumewe sumu?

Nilimjia juu Mishi. Talaka moja si mwisho, nilimwambia, mume anaweza kumrejea mke kabla eda haijaisha, neno moja tu linatosha. Lakini eda ni miezi mitatu na inakimbia. Ikiisha kabla hujasema, Zulekha ameondoka na jina hilo la mtia sumu, na atazikwa nalo.

Mishi alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso.

"Wifi," akasema, "miaka yote hii. Watoto wote hao nimemzalia. Umewahi kusikia akinisifu?"

"Sijawahi."

"Ni zile siku tu. Nikimwambia, hata zile zitakuwa za sumu." Akaangusha kisu kwenye sinia. "Niachie zile siku, Mwanaima. Sina kingine."

Nilikwenda zangu nyumbani nikawagombeza wajukuu bila sababu.

Eda ikaendelea kukimbia. Siku moja mimi na Mishi tulishuka Diani kuchukua dawa za Jumbe, na kona ya kuingilia mahotelini tukamkuta Zulekha. Eda ni ya kukaa ndani, lakini ana watoto wa kuwalisha, kwa hivyo alikuwa akitoka asubuhi tu na beseni lake kisha anarudi. Lile beseni lilikuwa limefunikwa, na juu ya kitambaa hakukuwa na hata alama ya mkono wa mnunuzi. Nilidhani atatutemea mate. Alisimama.

"Shikamoo, dada Mishi."

"Marahaba," Mishi akajibu.

"Potasiamu yake?"

"Imeshuka."

"Alhamdulillahi," Zulekha akasema, na nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, haikuwapo. "Viazi unavilowesha kwanza? Mimi nilikuwa navikata vidogo vidogo, navilowesha usiku kucha, ndipo navichemsha mara mbili. Vinakuwa havina ladha hata kidogo. Atakutukana. Usimsikilize, mwache atukane." Kisha akafunua beseni, akatufungia mahamri kwenye gazeti, mengi, akamtia Mishi mkononi. "Wapelekee wajukuu. Yatachacha tu hapa."

Mishi alitembea hatua chache, akakaa kwenye ukingo wa mtaro na furushi lake, akalia mbele za watu. Mtu ambaye hajawahi hata kupandisha sauti.

Jumatano alasiri, kesho yake ikiwa ndiyo siku eda inaisha, aliniita nikae shahidi. Jumbe alikuwa barazani, ameegemea mto. Mishi alitoka jikoni na kikombe. Nilipoona ile rangi ya chai hafifu nilijua: alikuwa amechoma maganda tena, mara hii si kwa ajili ya mboga.

"Mume wangu," akasema, "potasiamu haikutoka kwa Zulekha. Ilitoka kwangu. Mboga ulizozisifu nilizipikia maji ya majivu, ya kwetu nyika, na majivu yamejaa hiyo potasiamu. Sista Beryl anajua. Wifi anajua. Mrejee Zulekha, leo bado ni mkeo."

Jumbe alicheka. "Majivu?" akasema. "Mimi Jumbe nile majivu nisijue? Mimi?"

"Onja," Mishi akamwambia. "Kwa ncha ya kidole tu, haitakudhuru. Onja useme."

Alichovya kidole. Alikitia ulimini akafumba macho, kama nilivyomwona akifumba kwenye arusi chungu nzima, na sote tukanyamaza. Nilimwona akimeza. Nilimwona uso wake ukilainika, vile vile ulivyolainika mbele ya ile sahani ya kwanza ya mchicha. Na mkono wake, kabla hajafumbua macho, ukarudi wenyewe kwenye kikombe.

Akafumbua macho, akauona mkono wake ulipo, akauondoa.

"Siijui ladha hii," akasema.

"Jumbe!" nikamkemea.

"Nimesema siijui. Jumbe hajapata kula majivu ya watu wa nyika akayasifu. Msinitie aibu uzeeni." Akageukia ukutani. "Wanawake mmekula njama. Yule mlaaniwa kawahonga nini?"

Nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake, na sijutii hata moja. Mishi alikichukua kikombe, akakimwaga uani, akakisuuza, akaenda kukata viazi vya kesho, vidogo vidogo, akavilowesha.

Eda ya Zulekha iliisha Alhamisi, Jumbe akiwa kwenye mashine. Alipoteremka, Sista Beryl alisoma majibu akapiga makofi. Alimleta mgonjwa mpya, mwalimu wa Kikoneni, bado ana woga machoni, akamwambia, mwulize huyu mzee anakula vipi, hapa ndiye wa kuigwa. Jumbe akajikohoza. Akamweleza viazi vikatwe vidogo vidogo, viloweshwe usiku kucha, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena. Alieleza vizuri sana, kwa madaha, kama alivyokuwa akieleza pilau, na mwalimu akawa ameinama anamsikiliza kwa makini. Mishi alikuwa kwenye benchi amepakata chakula.

"Na nani aliyekufundisha yote haya, mzee?" mwalimu akauliza.

"Hakuna," ndugu yangu akasema. "Mimi ni mpishi."